Muulize Shangazi: Liuli, kombora la 1914 na soksi za mababu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kuhusu kwetu Liuli, kile kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wilaya ya Nyasa mkoa wa Ruvuma, nikasema kwamba kuna meli ya Mjerumani ilipigwa kombora pale mwaka 1914. Jamani! Meseji zilizoingia sijawahi kuziona tangu nianze kujibu safu hii, nusu mnauliza na nusu mnabisha. Sasa leo siongelei ndoa wala mikopo ya kausha damu, hayo yatasubiri, leo ni ziwa tu.

*Shikamoo Shangazi. Mimi nasoma form three huku Songea. Darasani nilisema vita ya kwanza kabisa ya majini kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa Liuli, maana ndivyo babu alivyonisimulia, wenzangu wakacheka mpaka kengele ikagonga, wanasema nimetunga. Nani yuko sahihi? (Mbishi wa Songea)*

Marahaba mwanangu. Kwanza waambie hao wanaocheka kwamba tukio lipo, babu yako hajatunga. Ila hilo neno "ya kwanza kabisa" ndo lina shida, na wala sio kosa la babu, kila mgeni anayekuja Liuli na kamera yake analirudia hivyo hivyo bila kuhesabu siku. Hebu hesabu mwenyewe. Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 5, yaani kesho yake tu, manowari za Waingereza zikazamisha meli ya Kijerumani ya kutega mabomu kule bahari ya Ulaya, inaitwa Königin Luise. Tarehe 8 wakapiga kwa mizinga kutoka baharini ule mtambo wa simu ya upepo wa Mjerumani pale Dar es Salaam. Ya Liuli ni tarehe 13 Agosti. Kwa hiyo ya kwanza duniani siyo. Lakini ya kwanza kwenye maziwa yetu ya Afrika, hapo babu yako mpe chai, maana kule Ziwa Tanganyika walianza kurushiana tarehe 22 mwezi huo huo.

Sasa kisa chenyewe kilikuwa hivi. Liuli wakati huo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na walikuwa na meli yao pale, Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani kupitia mto Zambezi na mto Shire mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakisema ni ya kuzuia biashara ya watumwa. Ng'ambo, Malawi ya leo, Waingereza walikuwa na ya kwao, Gwendolen. Nahodha wa Gwendolen anaitwa Rhoades, wa Wissmann anaitwa Berndt, na hawa walikuwa marafiki, tena marafiki wa glasi, wakikutana bandari yoyote lazima wanywe pamoja. Vita ikatangazwa Ulaya. Rhoades akapata amri ya kwenda kuharibu meli ya Mjerumani, Berndt hakupata habari yoyote, huko aliko hajui hata kama dunia imewaka moto. Gwendolen ikafika Liuli asubuhi ikaikuta Wissmann imevutwa nchi kavu inatengenezwa, haiwezi kwenda popote wala kujitetea. Wakaanza kupiga. Makombora mengi yakapita hewani bure, mwisho moja likapata. Inasimuliwa kwamba Berndt alitoka na kimashua kidogo, kavaa singleti, anapiga makasia kwa hasira kumfuata mwenzake kumuuliza kama amelewa, alipofika kwenye meli ndo akaambiwa bwana, nchi zetu ziko vitani, na wewe sasa ni mateka. Magazeti ya London yakaandika ushindi wa majini Ziwa Nyasa!

Sasa hiyo ni vita? Mimi nasema hiyo ni mtu kuvunjiwa baiskeli ikiwa kwa fundi. Lakini ukiwa unajibu mtihani andika vita, usije ukasema Shangazi kanifelisha.

Waingereza hawakuridhika, Mei 1915 wakarudi tena Liuli wakaiharibu zaidi, halafu mwaka 1918 wao wenyewe wakaitengeneza wakaitumia na kuipa jina la mfalme wao, King George V. Na tafadhali msichanganye, maana hata watu wazima wanachanganya: kule Ziwa Tanganyika kulikuwa na Hedwig von Wissmann, hiyo ni nyingine kabisa, ilizamishwa Februari 1916. Na ile Graf von Goetzen ambayo leo ni MV Liemba nayo ni ya Tanganyika, haijawahi kugusa maji ya Nyasa.

Kitu kimoja nikwambie mwanangu halafu nikuache. Kwenye habari hizi zote za Rhoades na Berndt utasoma walivaa nini, walikunywa nini, nani alimwambia nani nini, ila watu wa Liuli hutawakuta hata mmoja, kana kwamba yale makombora yaliyokosa meli yalikuwa yanadondoka kwenye kijiji kisicho na watu. Bibi yangu mzaa mama siku hiyo alikuwa binti mdogo. Yeye meli alisema hakuiona, alichokumbuka ni kwamba mama yake alimshika mkono wakakimbilia kwenye shamba la mihogo, wakakaa huko mpaka jioni, na waliporudi wakakuta mbuzi wamemaliza makopa yote yaliyokuwa juu ya mwamba yanakauka. Hiyo ya mbuzi aliisimulia mpaka uzeeni na alikuwa bado ana hasira, na hasira yenyewe sio na Muingereza, ni na jirani mwenye mbuzi.

*Shangazi shikamoo. Huu ni mwaka wa nne nimeolewa na kijana wa Liuli na sijawahi kufika kwao. Desemba hii tunaenda. Mama mkwe kanipigia simu anasema tukifika kabla ya yote twende kanisani kwenye kaburi la Johnson. Mimi ni mlokole, haya mambo ya makaburi naogopa kidogo. Huyo Johnson ni nani kwenye huu ukoo? Pia naogopa meli, kuna njia ya gari? (Mkwe mwenye wasiwasi, Mbagala)*

Marahaba mkwe wetu. Umenichekesha, Johnson sio wa ukoo wa mumeo! Ni mmisionari Muingereza, William Percival Johnson, wa ile misheni ya Waanglikana iliyoitwa UMCA. Alikuja huku 1876 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kazi yake ikawa huku mpaka alipofia Liuli mwaka 1928, zaidi ya miaka hamsini. Kaburi lake liko pale kanisani, na watu wanaenda kuhiji, Waanglikana wanamheshimu kama mtakatifu. Macho yalimharibikia mapema, jicho moja halikuona kabisa na la pili kwa shida, na hivyo hivyo akawa anatembea ufukwe huu kijiji kwa kijiji, kwa mguu, kwa mtumbwi, na kwa meli za misheni. Wakati anafika watu wa ziwani walikuwa wanaishi kwa hofu ya kuvamiwa na Wangoni kutoka milimani, mpaka sehemu nyingine za ziwa hili walikuwa wanajenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji. Akajifunza lugha zao akatafsiri Biblia kwa Kinyanja, na ndo maana ukiwa Liuli utasikia mabibi wanaimba nyimbo za kanisa kwa lugha ambayo mumeo mwenyewe ataimumunya tu mdomoni, usimuumbue.

Misheni yenyewe ilikuwa na meli. Ya kwanza Charles Janson ilianza kazi 1885, halafu ikaja Chauncy Maples iliyoundwa Glasgow ikaletwa vipande na kuingia majini 1901. Hiyo ilikuwa shule humo humo, kanisa humo humo, zahanati humo humo, inapita kando ya ziwa inashusha walimu na kupakia wagonjwa. Hospitali ya Mtakatifu Anna iliyopo Liuli mpaka leo ni tunda la misheni hiyo, na ukitaka kujua Liuli ni nini kwa watu wa vijiji vya jirani usiwaulize habari za Rhoades, waulize wamezaliwa wapi.

Kwa hiyo nenda kaburini. Hakuna atakayekulazimisha kupiga magoti wala kuwasha mshumaa, simama kimya, soma maandishi, toka. Mama mkwe hapimi imani yako pale, anataka tu majirani wakuone umefika. Kitu kingine, ukikaribishwa ugali wa muhogo usishangae kwa sauti jinsi unavyovutika, watu wa Dar mna tabia hiyo.

Gari lipo. Songea mpaka Mbinga lami, Mbinga mpaka Mbamba Bay kilomita 66 lami nayo, mlima unashuka kona juu ya kona halafu ghafla unaliona ziwa chini yako, usilale hapo. Kutoka Mbamba Bay mnakwenda kaskazini kando ya ziwa mpaka Liuli. Sisi zamani barabara hiyo ya Mbinga ilikuwa ni tope na maombi, lori likikwama mnalala hapo hapo na mizigo yenu, kwa hiyo meli ndo ilikuwa kila kitu, ikipiga honi kijiji kizima kinateremka ufukweni hata asiyesafiri, mwalimu anaacha darasa kwa kisingizio anasubiri barua. Siku hizi kuna MV Mbeya II iliyoanza 2021, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, inatoka upande wa Kyela. Hofu yako ya meli naielewa, sikucheki. Ziwa hili sio bwawa, lina kina cha karibu mita 700 na lina upepo unaitwa mwera, unatoka kusini, una nguvu sana kuanzia Mei mpaka Agosti. Mwaka 1946 meli ya ng'ambo inaitwa Vipya ilizama mwezi Julai wakafa watu 145. Desemba mwera unakuwa umetulia, ni mvua na radi tu, lakini kama moyo haujakubali panda basi mama.

*Eti mwamba wa Pomonda wa hapo Liuli unafanana na mtu? (Asiye na bando)*

Unafanana na yule simba wa mawe wa Misri mwenye kichwa cha mtu, ndo maana Wajerumani wakaita Sphinxhafen, bandari ya huyo simba. Ukisimama upande mwingine unafanana na mawe. Sisi watoto tulikuwa tunaona kuku aliyelalia mayai.

*Shangazi, habari za siku. Mimi ni mzaliwa wa Mbinga niko Mwanza. Mwanangu aliona video ya ngoma ya mganda akaniuliza kwa nini wazee wanacheza wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu kama skauti, na kwa nini wanatembea kama gwaride. Nilishindwa kumjibu, nikamwambia ni utamaduni. (Baba wa watatu)*

Nzuri kaka. "Ni utamaduni" ndo jibu la mzazi aliyebanwa, tumelitumia wote. Mwambie mtoto kwamba ni gwaride kweli. Vita ile ile tuliyoiongelea hapo juu ilichukua vijana wengi wa pande zote za ziwa, wengine askari wa KAR, yaani jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wengine askari wa Mjerumani, na wengi zaidi wapagazi wa kubeba mizigo, na waliorudi wakarudi na kwata, na bendi, na kofia, na vyeo. Huko pwani beni ilishakuwepo kabla, Mombasa na Lamu, watu wanacheza kwa mtindo wa bendi ya wazungu, na vita ikaisambaza mpaka bara. Huku ziwani ikazaliwa mganda. Ng'ambo Malawi wanaita pia malipenga, kwa ajili ya vile vibuyu wanavyopulizia, maana tarumbeta ya bati ungeipata wapi, basi wakachukua kibuyu wakakitoboa wakakiziba kwa utando mwembamba, ukiimbia ndani sauti inatoka kama tarumbeta lenye mafua. Ngoma kubwa moja katikati, mistari miwili mitatu ya wanaume, hatua moja, kisigino kimoja, na mkuu wao mbele na fimbo au usinga. Na wana vyeo, yuko Kingi, yuko Kapteni. Wanawake wana yao, kioda, nayo ya kujipanga na sare zake.

Mimi mganda wa kwetu ninavyoujua haukuwa maonyesho ya tamasha kama mnavyoona kwenye simu, ulikuwa ni mashindano. Kijiji kinaalika kijiji. Wanakuja kwa mitumbwi, wengine wanatembea usiku kucha kufuata ufukwe, wanapikiwa, na hapo ndo aibu ya kijiji inapojulikana, maana ukiwalaza wageni njaa itaimbwa mwaka mzima. Kaptula zinapigwa pasi ya mkaa mpaka mstari unakata. Mjomba wangu mmoja alikuwa hana jozi ya soksi, ana soksi moja tu, basi alikuwa anajipanga mwisho wa mstari kulia ili mguu wenye soksi ndo uonekane na watazamaji, na hakuna aliyemtania uwanjani, ila nyumbani aliitwa Soksi mpaka anazikwa. Walimu wa kanisa wengine hawakuupenda, waliona ni pombe na majivuno. Pombe ilikuwepo, siwezi kuficha. Majivuno ndo usiseme!

Ninachopenda ni hiki kaka, hakuna mtu wa Liuli niliyemsikia anasimulia kwa kujisifu lile kombora, lakini gwaride waliligeuza ngoma na likadumu kuliko meli zote mbili.

*Shangazi naomba utusuluhishe. Mimi wa Kyela, shemeji yangu wa Karonga. Tukikaa mezani nikisema Ziwa Nyasa anasema Ziwa Malawi, na anasema lote ni lao mpaka ufukweni kwetu. Nimjibuje? (Mnyakyusa asiyeshindwa)*

Mjomba, hapo unataka Shangazi apoteze visa. Jina kwanza: nyasa kwa Kiyao maana yake ni ziwa tu, kwa hiyo tunaposema Ziwa Nyasa tunasema ziwa ziwa. Livingstone alifika 1859 akauliza, akajibiwa, akaandika. Walipopata uhuru 1964 wenzetu wakachagua jina la Malawi kwa nchi, na ziwa nalo wakaliita hivyo. Tusigombane kwa jina.

Mpaka ndo mgogoro wa kweli. Shemeji yako anasimamia mkataba wa Muingereza na Mjerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliopitisha mstari ufukweni kwetu. Serikali yetu inasema mpaka upite katikati ya maji kama ilivyo kawaida ya mito na maziwa mengi. Malumbano yalianza miaka ya 1960, yakapanda tena 2011 na 2012 Malawi ilipotoa leseni za kutafuta mafuta, ikabidi marais wastaafu wakiongozwa na Chissano wa Msumbiji waingie kusuluhisha. Mimi msimamo wangu ni wa mtu wa ndoo: ukiufuata ule mkataba neno kwa neno, mama wa Liuli akiingia magoti mawili majini kuosha vyombo ameshavuka mpaka bila pasi. Muulize shemeji wangapi walishakamatwa. Wavuvi wanakutana huko katikati usiku, wanaombana sigara na betri, wanaelewana, na harusi za ng'ambo na huku hazijawahi kusimama. Kisiwa cha Likoma ni cha Malawi, na nusu ya watu wazima wa kwetu wana ndugu huko au walibatizwa na padri wa kutoka huko.

*Mbona mbasa wamekuwa wadogo na bei iko juu? Dagaa nyasa nao wanakuja na mchanga. (Mteja wa soko la Songea)*

Mchanga ni kwa sababu wanaanikwa chini, dada. Anayeanika kwenye chanja hana mchanga lakini bei yake utailalamikia pia. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai sasa hivi taa za sola, mbalamwezi ikiwa kubwa hawapatikani, kwa hiyo ukitaka bei nzuri angalia mwezi kwanza ndo uende sokoni.

Mbasa ni habari ndefu na inaniuma. Yule samaki anaishi ziwani lakini akitaka kutaga anapanda mito kipindi cha mvua, mto Ruhuhu na mingine, kama vile binti anayekwenda kujifungulia kwa mama yake. Sasa watu wamejua njia yake, nyavu zinatandazwa mdomoni mwa mto, anakamatwa akiwa na mayai tumboni kabla hajafika, na yale mayai matamu, siwezi kusema sijala. Huko juu nako milima imelimwa mpaka kingo za mto, mvua ikinyesha maji yanashuka mekundu na tope linafunika kokoto anakotaga. Baba yangu alikuwa anarudi na mbasa wa urefu wa mkono mzima, mkia unaning'inia nje ya kapu. Mwaka jana mwanangu alinitumia mmoja kwa basi, kakaushwa, kafungwa kwenye gazeti, nikafungua nikidhani ni nusu.

Yule dada wa Tabora mwenye mkopo wa kikundi na mume aliyekimbia na godoro, barua yako nimeisoma mara mbili, toleo lijalo naanza na wewe.